Bahasha Mbili na Wembe wa Adela

Jumamosi, 3 Julai 1999

Joto. Digrii mia kwa hesabu yao. Nimewahi kuona kubwa zaidi — mwaka wa vita nilikaanga mayai juu ya kofia ya chuma ya askari, mwenyewe akiwa ameivaa — lakini hili la Landover, huku Marekani, lina unyevu. Shati limeganda mgongoni kama limebandikwa kwa gundi.

Barua haijaja. Euphrasia kafika saa nne asubuhi kutoka kwa mabosi wake, hata mkoba hajautua, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la barua kule chini. Tangazo la pitsa. Bili ya simu. Basi. Akapanda ngazi, akaketi, akasema tumshukuru Mungu, Julai bado ndefu. Ndivyo alivyo mdogo wangu. Barua za lotari ya grini kadi, kibali cha kuishi huku daima, zinatoka mpaka mwisho wa mwezi huu. Asiyepata mpaka hapo, hakuchaguliwa. Na mabosi wake wa ubalozini wanarudi nyumbani mwisho wa Agosti. Visa yake imefungwa kwao. Wakiondoka, naye anaondoka.

Mimi sina wasiwasi. Bahasha aliyotuma kuingia lotari niliiombea mwenyewe. Mwaka 1994 niliiombea ya kwangu siku tisa, nikainyunyizia maji ya baraka, wino ukatapakaa wote isipokuwa jina langu. Nikashinda! Mzungu aliyeifungua alipiga magoti. Mpaka leo watu wananiletea bahasha niziombee. (Aliyenisimulia habari ya magoti simkumbuki.)

Mchana akaja Adela, binti wa Euphrasia, kutoka Fairfax. Yuko chuo kikuu kwa udhamini. Falsafa! Nilimshauri uuguzi. Leo kaja na jambo jipya la profesa wake. Kwamba ukiwa na maelezo mawili ya jambo moja, na yote mawili yanatosha, chukua yale yenye vitu vichache. Vilivyozidi nyoa. Wenyewe wanauita wembe.

"Na Mungu ni kitu cha ziada, Mjomba. Dunia inaelezeka bila yeye."

Alisema kwa sauti ya chini, mama yake akiwa jikoni. Lakini kuta za nyumba hii ni karatasi.

Nikamuuliza nani aliyeubuni huo wembe. Akasema mtawa mmoja wa Uingereza, zamani sana.

Mtawa! Basi ni wetu.

Euphrasia akatoka na sufuria, akasema chakula tayari, nani anaomba.


Jumapili, 4 Julai

Jumuiya imekutana kwa Kipkemboi baada ya misa. Ndiyo desturi yetu Wakatoliki wa Kiswahili wa huku, Watanzania na Wakenya: kila Jumapili nyumba moja, rozari, neno, halafu kula. Kipkemboi ndiye mwenyekiti. Anaendesha foklifti ghalani, mtu wa Eldoret, anacheka kabla hujamaliza sentensi.

Baada ya nyama nikasimama nikawaeleza habari ya wembe. Nikasema niliugundua seminarini, kidato cha pili, kabla sijaacha shule kwa hiari yangu. (Adela alitazama dari.) Nikasema: pitisha wembe, anayebaki ni Mungu, maana ni mmoja! Wasioamini wana mizigo — gesi, milipuko, nyani, mamilioni ya miaka. Mimi ninacho kimoja na kinatosha kote. Makofi.

Adela akasema, kwa adabu: "Mjomba, ungebaki na hicho kimoja ningekuelewa. Lakini funguo zikipotea unamwita Mtakatifu Antoni. Ukiwasha gari, Kristofori. Mambo yakishindikana, Yuda Tadei. Na maji ya baraka juu yake. Huyo mmoja hatoshi?"

"Na akipigwa tiketi ya parking ni shetani!" Kipkemboi akaongeza. "Wacha wee, huyu mzee ana serikali nzima!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nami nikamwambia Adela sawa, na wewe jinyoe. Kutoamini kwako kuna sababu ngapi? Profesa? Vitabu? Nitajie moja tu.



Aliyejibu ni Euphrasia, huku anakusanya sahani. "Anayo moja. Tulimwombea baba yake miezi minne, akafa. Mwache." Kisha akasema: "Na mimi ninayo hiyohiyo, na bado naomba. Nani analeta chai?"

Kipkemboi akaleta chai bila kucheka.

Jioni fataki za sikukuu yao ya uhuru. Tuliwahi kuwa na kubwa zaidi Bukoba.


Jumanne, 6 Julai

Kazini Rockville. Wananiita mtu wa matengenezo lakini kazi yangu hasa ni uhandisi: balbu, mabomba, kufuli. Leo mashine ya maji baridi ghorofa ya tatu imegoma. Wanasheria wamesimama na vikombe vitupu. Mmoja akasema gesi imeisha. Mwingine, kompresa imekufa. Wa tatu akasema ni joto hili, umeme wa mji mzima umezidiwa. Nikasema subirini. Nikatumia wembe. Nikainama nyuma — plagi imechomolewa! Nikachomeka. Wakanipigia makofi. Hawakuuliza nani aliichomoa, na mimi sikuona haja ya kuongeza jambo. Redio yangu ilihitaji umeme jana.

Nikamsimulia mzee Ryan, msimamizi wangu, Mwairishi. Akacheka mpaka akakohoa. Huyu ndiye aliyenipa siri ya lotari. Mwaka 87 alituma bahasha mia tano, zote zina jina lake, akapata. Mia tano! Ndiyo maana Oktoba iliyopita, Euphrasia alipokwisha kutuma bahasha yake moja, mimi nikatuma ya pili kwa jina lake. Picha zake mbili zilikuwa zimebaki kwenye droo yangu. Sijamwambia mtu. Siku barua ikija ndipo nitasimama niseme.

Sala inasaidia. Bahasha ya pili inasaidia sala.


Jumamosi, 17 Julai

Sanduku tupu.

Euphrasia akatoa ndani ya Biblia ile karatasi ya maelekezo ya lotari, akampa Adela amsomee yote kwa Kiswahili, asije akawa alikosea anwani. Adela akasoma. Anwani sawa. Ukubwa wa picha sawa. Tarehe sawa. Halafu: mtu mmoja, bahasha moja. Atakayetuma zaidi ya moja, zake zote zinatupwa.

"Sasa nani mjinga atatuma mbili na imeandikwa hapa?" Euphrasia akauliza.

Nilikwenda kununua barafu.


Jumapili, 18 Julai

Misa. Sikupokea komunyo. Kipkemboi akaniuliza kama ni tumbo. Nikasema ndiyo, na kwamba Bukoba niliwahi kuumwa tumbo mpaka daktari akatoa ndani yake jiwe la kusagia mtama. Akacheka. Watu hucheka tu.


Jumatatu, 19 Julai

Nimemuuliza Ryan. Akasema ah, ile ilikuwa sheria ya zamani, siku hizi ukituma mbili umekwisha. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaniuliza kama nimebadilisha balbu za ngazi.

Nimebadilisha balbu za ngazi.


Jumamosi, 31 Julai

Siku ya mwisho. Mtu wa posta kafika saa nane kasoro dakika kumi. Euphrasia alikuwa amesimama pale chini tangu saa tano, na mwavuli kwa ajili ya jua, Adela pembeni yake. Mimi dirishani. Nilimwona mtu wa posta akifungua masanduku yote kwa ule mlango wake mmoja, akigawa, akifunga. Euphrasia akamwambia kitu. Akatikisa kichwa. Euphrasia akamshukuru. Niliisoma midomo.

Akapanda. Hakulia. Akavua rozari shingoni, akaikunja vizuri kama anavyokunja soksi za watoto wa mabosi, akaiweka mezani mbele yangu.

"Kaka, hii ni ya marehemu mama. Kaa nayo wewe."

Aliyeanza kubabaika ni Adela! Akasema Mama, lotari si mtihani, wameandika mamilioni ya watu, kutochaguliwa hakuhitaji sababu.

"Si wewe uliyefundisha? Nilikuwa jikoni, nilisikia. Mtu achukue yenye vitu vichache."

"Ndiyo Mama, lakini —"

"Ya mjomba wako ni marefu. Mungu ana wakati wake. Mungu ananijaribu. Mungu amenipangia mengine Bukoba. Kila siku kinaongezwa kimoja. Nimeyabeba tangu baba yako alipofariki, mikono imechoka. 'Hayupo' ni neno moja."

Kisha akaingia kuosha vyombo. Vilikuwa visafi.

Adela akaketi akalia. Yaani ameshinda ubishi na analia. Sijawahi kuona mshindi wa namna hiyo, na nimewahi kuwa refa.

Mimi nilikuwa na maelezo mafupi kuliko yote, yapo hapa kwenye ulimi. Mimi. Nalo ni neno moja. Nikafungua mdomo. Nikasema chai iko tayari.

Chai haikuwa tayari.


Jumapili, 1 Agosti

Euphrasia hakwenda misa. Mara ya kwanza tangu nimjue, na ninamjua tangu siku aliyozaliwa. Amebaki kupiga pasi mashati yangu yote, hata yaliyokwisha kupigwa.

Alasiri nikampeleka Adela Fairfax, ana masomo ya kiangazi. Foleni kwenye barabara ile ya kuzunguka mji, magari hayasogei. Nikamwambia. Bahasha ya pili, Ryan, mia tano, yote. Nilidhani ataruka nje. Hakuruka, basi nikaona hajanielewa, nikaieleza ilivyo hasa: kwamba mimi peke yangu nimeifunga Amerika mlangoni, nimemfukuza dada yangu nchi nzima, na kwa kupitia kwake nimemwondoa Mwenyezi Mungu kwenye kiti chake.

"Mjomba, punguza."

Akasema hata ile bahasha moja ingebaki peke yake, waliochaguliwa ni wachache mno. Kwa hiyo yenye uwezekano mkubwa ni kwamba asingepata hata hivyo. Inaelezeka bila mimi.

"Wewe ni kitu cha ziada."

Mimi! Kitu cha ziada! Miaka hamsini na mmoja! Mtu niliyemshika kiboko masikio! Nikamwambia sababu ni mimi na sitaki kunyolewa. Akasema basi. Tukaenda mpaka chuoni.

Akashuka, akarudi dirishani. Akasema lakini mwambie Mama. Anaamini kuna mtu alimtazama akamkataa, au hakuna mtu kabisa. Kumbe pengine bahasha yake imetupwa tu, kwa kuwa zilikuwa mbili.

"Mimi siamini, Mjomba, na sitarudi kuamini. Ila sikutaka yeye aache kwa ajili ya bahasha."


Jumatano, 4 Agosti

Nimempigia Euphrasia kwa mabosi. Nikamkumbusha Oktoba lotari inafunguliwa tena, na anaweza kutuma hata akiwa Bukoba. Akasema hatatuma. Tiketi imeshakatwa, tarehe 28.

"Nani ataiombea, kaka? Bahasha bila sala ni karatasi."

Nikasema mimi nitaiombea.

"Uliiombea hii."

Nyuma nilisikia mtoto wa mabosi anataka juisi. Akakata simu.

Hesabu hii hata mtu wa kidato cha pili anaiweza. Akijua, atatuma tena. Asipojua, amekwisha. Nimetengeneza maneno mara nne kwenye lifti nikipanda na kushuka. Kila mara yanatoka marefu. Mara ya tatu alikuwemo simba.


Jumapili, 8 Agosti

Naandikia chumbani, mlango nimeurudisha. Wako sebuleni watu kumi na wawili. Leo jumuiya ilikuwa zamu yangu.

Niandike kwa mpangilio.

Euphrasia alikuja kwa sababu ni nyumba ya kaka yake na lazima mtu apike. Wakati wa rozari alikaa jikoni. Watu waliona. Hakuna aliyeuliza. Tulipofika amina ya mwisho, kabla ya chakula, nikasimama. Nikasema nina ushuhuda. Kipkemboi akajiegemeza vizuri kwenye kochi: "Haya mzee, tupatie."

Nikamwita Euphrasia atoke. Akatoka na mwiko.

Nikasema nilivyofanya. Sikuongeza. Naapa hapa, kwenye karatasi ambayo haisomwi na mtu: sikuongeza hata punje! Nikasema Oktoba, siku tatu baada ya yeye kutuma yake, nilituma ya pili. Nikasema niliambiwa na Mwairishi aliyetuma mia tano. Nikasema picha nilizitoa kwenye droo. Nikasema sikusoma maelekezo. Nikasema, Euphrasia, hukukataliwa na Mungu, ulikosa kwa sababu yangu, Oktoba tuma tena.

Halafu Kipkemboi akaanza. Mabega kwanza.

"Mia tano! Mwairishi! Aki mzee Gervas, hizi unatoanga wapi?"

Wote. Mpaka mama mmoja wa Nakuru akafuta machozi kwa kanga ya meza. Nikapiga kelele kwamba ni kweli. Wakazidi.

Kipkemboi akasimama, akaweka mkono begani kwangu, akawaambia wengine sasa tutumie ule wembe wake mwenyewe. Maelezo ya kwanza: kuna Mwairishi, kuna bahasha mia tano, kuna droo, kuna picha, kuna safari ya siri ya posta. Maelezo ya pili: Gervas anampenda dada yake. Tunyoe yapi?

Makofi. Kwa ajili yangu! Miaka yote nimeyatafuta makofi ya nguvu hivyo.

Adela akasimama. Akasema ni kweli, aliniambia Jumapili iliyopita kwenye gari.

"Alikuwa anafanya rehearsal," Kipkemboi akasema.

"Mimi namwamini," Adela akasema.

Euphrasia akamgeukia. "Wewe? Mungu mwenyewe umeshindwa kumwamini, leo unamwamini Gervas?"

Na akacheka. Wiki nzima hajacheka. Akaja akanishika mkono, ule wenye mwiko ukanipaka mchuzi kwenye shati, akasema kwa kilugha cha kwetu, wasisikie wengine, kwamba nimekuwa muongo tangu tukiwa wadogo lakini huu ndio uongo wangu mzuri kuliko wote, na ameupokea, na nisisumbuke tena, safari ni safari. Akaanza kurudi jikoni.

Nikasema mbele ya mlango wa jikoni, taratibu: Euphrasia, sijakudanganya.

Akasimama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Akafikiri. Yeye hufikiri akiwa ametazama chini.

"Karatasi ile inataka sahihi," akasema. "Mwenye jina lazima aweke sahihi. Hiyo ya pili aliiweka nani?"

"Mimi."

"Sahihi yangu."

"Yako."

Akaenda kwenye simu, akachukua ile karatasi ya kuandikia namba, na kalamu, akaviweka mezani, akasogeza bakuli la kachumbari.

"Weka hapa."

Kipkemboi akasema mama, wacha, chakula kinapoa. Hakumsikiliza. Adela alikuwa ananitazama mimi. Wote walikuwa wananitazama.

Nikasema nikachukue miwani chumbani.

Miwani ninayo usoni. Ndiyo ninayoandikia.

Sahihi yake nimeijaribu hapo juu, pembeni ya ukurasa. Imetoka sawasawa mara ya kwanza, mkia wa E, ile kona anayoipinda kwenye p, na kistari cha chini anachokivuta kuelekea kushoto. Hata mwenyewe hatajua ipi ni yake. Halafu nimejaribu kuikosea. Nayo inatoka. Nikitaka naweza kuiweka vibaya sana, E kama ya mtoto wa chekechea, na wote watacheka, na Kipkemboi atanipiga mgongoni, na yeye tarehe 28 ataniaga uwanja wa ndege kwa kunikumbatia.

Nikiiweka sawasawa hatanikumbatia. Atakwenda Bukoba akijua ni nani aliyempeleka. Na Oktoba atatuma.

Kipkemboi anaita, miwani imepotelea wapi, tumwite Antoni? Wanacheka. Adela amegonga mlango mara moja, akasema "Mjomba," akaondoka.

Euphrasia haiti. Namsikia anawaambia wasipakue kwanza.